Kohesini ikiondolewa vitanzi vya kromosomu vinafumuka. Mbona jeni nyingi hazishtuki?

#1 Mfuma_Kromatini
Wakuu, salaam. Naomba tulichambue hili mpaka mfupa uonekane.

Tumefundishwa hivi: DNA ya seli moja ya binadamu ikinyooshwa inafika mita 2 hivi, nayo imo ndani ya kiini chenye upana wa maikromita chache. Kwanza inaviringwa kwenye nukleosomu, besi 147 kwa kila kifungu cha histoni nane. Juu ya hapo kohesini, pete ya protini, inavuta DNA kuwa vitanzi, na CTCF, protini inayoshika DNA, inaweka vizuizi vya mahali pa kusimama. Kitanzi kinaileta enhansa (kipande cha DNA kinachochochea jeni) karibu na promota (mahali jeni inapoanzia kusomwa) ya jeni yake na kuizuia isivamie jeni za jirani.

Sasa tazameni ya mwaka 2017. Seli za saratani ya utumbo mpana, HCT-116, ziliwekewa RAD21 (kipande kinachofunga pete ya kohesini) yenye mkia unaoifanya ivunjwe auksini, homoni ya mimea, ikitiwa. Saa 6 baadaye kohesini haipo, na ramani ya Hi-C, inayoonyesha sehemu za DNA zinazokaribiana, haina vile vitanzi. Jeni zilizobadilika kwa kiasi kikubwa zilikuwa makumi tu. Mwaka huohuo CTCF iliondolewa kwenye seli shina za panya kwa siku nzima. Mipaka ya maeneo (vipande vya DNA vinavyogusana zaidi vyenyewe kwa vyenyewe) ikafutika, na jeni 370 zikabadilika kati ya maelfu.

Dai langu: mkunjo ni matokeo ya kazi ya jeni, si chanzo chake. Nionyesheni nilipokosea.

#2 Bi_Histoni
Umeharakisha mkuu. RNA (nakala ya jeni) iliyokwisha kunukuliwa haipotei papo hapo, nyingi zinadumu saa kadhaa. Ukizima jeni saa 2 asubuhi na kupima RNA saa 8 mchana, bado unahesabu mabaki ya kabla ya kuzima. Saa 6 hazitoshi kusema jeni haikushtuka.

#3 Fundi_Maktaba
@Bi_Histoni hoja nzuri, ila kwa HCT-116 haisimami. Hawakupima RNA iliyolimbikizana, walitumia PRO-seq, ambayo inasoma mahali polimerasi, kimeng'enya kinachonukuu jeni, ilipo ikiwa kazini wakati uleule. Jeni iliyozimika ingeonekana ndani ya dakika. Hoja yako inafaa zaidi kwa ile ya CTCF, maana pale walipima RNA ya jumla.

#4 Kidole_Gumba
Mimi napinga dai la #1 kwa jeni moja tu: SHH.

Jeni hii inaamua mpangilio wa vidole. Enhansa yake ya mguuni na mkononi inaitwa ZRS. Haiko karibu nayo. Imejificha ndani ya introni (kipande kisichotumika kuunda protini) ya 5 ya jeni nyingine kabisa, LMBR1, umbali wa takriban besi milioni 1 kwa binadamu na 850,000 kwa panya. Badiliko la herufi moja tu ndani ya ZRS linatosha kumzalisha mtoto mwenye kidole cha ziada upande wa kidole gumba. Paka wenye vidole sita pale kwenye nyumba ya Hemingway huko Key West wana badiliko la mahali hapohapo. Nyoka nao ZRS yao imechakaa. Mwaka 2016 panya aliyewekewa ZRS ya nyoka alitoka na viungo vilivyodumaa vibaya.

Enhansa iliyo besi milioni moja mbali inamfikiaje mwenzake bila mkunjo? Polima iliyoachwa ielee yenyewe, ncha zilizotengana hivyo hukutana mara chache mno. Lazima kitu kiivute.

#5 Mfuma_Kromatini
@Kidole_Gumba nilikuwa nakusubiri hapo hapo. Mwaka 2019 walifuta maeneo ya CTCF yanayozunguka Shh (ndiyo SHH ya panya). Kitanzi kikalegea, Shh mguuni ikashuka karibu nusu, na panya wakazaliwa na vidole vya kawaida. Timu nyingine mwaka huohuo ilivuruga eneo hilo, viungo vikatoka salama. Kama mkunjo ndio unaamua, vidole vilipaswa kuharibika.

#6 Kidole_Gumba
Umechanganya CTCF na kohesini. CTCF ni kizuizi. Kohesini ndiyo inayovuta. Ukiondoa vizuizi, uvutaji unaendelea, ila hausimami mahali maalumu. ZRS na Shh bado zinasogezwa karibu mara kwa mara.

Jaribio lililotenganisha mambo haya ni la 2022. Kwenye seli shina za panya waliiwasha Shh kwa kuelekeza protini ya kuamsha kwenye sehemu mbalimbali: kwenye promota, kwenye enhansa ya karibu, na kwenye enhansa za mbali. Kisha wakaondoa protini moja moja. Bila kohesini, enhansa za mbali zilishindwa kuiwasha. Ya karibu na promota yenyewe zikafanya kazi kama kawaida. Bila CTCF, zote zilifanya kazi.

Kwa hiyo swali lako la "mbona jeni nyingi hazishtuki" lina jibu jepesi: nyingi zina enhansa jirani. HCT-116 ni seli ya saratani iliyotulia, haijengi mkono wala mguu.

#7 Mkaa_Nyuma
Uzi juu ya uzi. Naweka kambi. @Mfuma_Kromatini leo umefumwa.

#8 Pete_ya_SMC
Niongeze ya mashine yenyewe, kwa sababu "kuvuta" linatajwa kana kwamba ni lugha ya picha tu. Limeonekana kwa macho. Mwaka 2018 kondensini ya hamira, ndugu ya kohesini, ilipigwa picha ikivuta kitanzi kwenye DNA iliyofungwa ncha mbili juu ya kioo. Mwaka 2019 ikafuata kohesini ya binadamu. Kasi ni kati ya mamia ya besi na elfu mbili hivi kwa sekunde, ikitumia ATP.

Hebu tupige hesabu. Kohesini hukaa kwenye kromatini takriban dakika 20 kabla ya protini ya WAPL kuing'oa. Ikivuta besi 1,000 kwa sekunde kwa sekunde 1,200, inapata kitanzi cha besi milioni 1.2. Lakini ramani ya Hi-C ya 2014 ilikuta maeneo mengi ya mawasiliano ni ya besi laki moja na ushee hadi mbili. Tofauti inatoka wapi? Ndani ya seli njia haiko wazi kama juu ya kioo. Kuna polimerasi, kohesini nyingine zinazotoka upande wa pili, na CTCF.

Ukiiondoa WAPL unaona mambo haya waziwazi: kohesini haing'oki, vitanzi vinarefuka kupita kiasi, na kromosomu zinajikusanya kama tambi, zinaonekana hata kwa hadubini ya kawaida seli ikiwa haigawanyiki.

Na @Mfuma_Kromatini, protini ya NIPBL si mpakiaji wa kohesini tu kama vitabu vya zamani vilivyoandika. Bila NIPBL pete haivuti hata ikiwa imeshapanda kwenye DNA. Ni sehemu ya injini.

#9 Bi_Histoni
@Pete_ya_SMC kuhusu CTCF kuwa kizuizi: mbona inakaa kwenye DNA dakika moja au mbili tu? Kizuizi kinachoondoka kila dakika kinamsimamishaje anayekaa dakika 20?

#10 Pete_ya_SMC
Kwa kumshika. Mkia wa mbele wa CTCF unaingia kwenye mfinyo kati ya STAG2 na RAD21, vipande viwili vya kohesini, na kuizuia WAPL isipate nafasi hapo. Ndiyo maana mwelekeo ni muhimu. Neno la DNA linalotambuliwa na vidole 11 vya zinki vya CTCF halisomeki sawa pande zote mbili, kwa hiyo mkia wake huelekea upande mmoja tu. Vitanzi zaidi ya 9 kwa 10 kwenye ramani ya 2014 vina CTCF mbili zinazotazamana. Mwaka 2015 maabara kadhaa ziligeuza neno moja la CTCF nyuma-mbele bila kupunguza hata herufi, na kitanzi kikavunjika. Hilo ni kipigo kikubwa kwa wanaosema vitanzi ni ncha mbili zilizokutana kwa bahati.

#11 Fundi_Maktaba
Kabla hatujaendelea kuapa kwa ramani za Hi-C, tukumbushane zinavyopatikana, maana ugomvi mwingi unaanzia jikoni.

Seli milioni 2 hadi 5. Formaldehidi 1% ya kugandisha miunganiko, dakika 10, joto la chumba, kisha unaizima kwa glisini. Ukizidisha muda, kromatini (DNA na protini zake) inakuwa kama zege na kimeng'enya cha kukata DNA hakipenyi; ukipunguza, miunganiko dhaifu inaachia. Chupa ya formaldehidi iliyofunguliwa siku nyingi inakupa 1% ya kwenye lebo tu. Pasua seli, weka sabuni ya SDS 0.5% kwa nyuzi 62, dakika 5 hadi 10, ili kufungua kromatini. Izime SDS kwa Triton X-100 kabla ya kutia kimeng'enya, la sivyo unakiua. DpnII au MboI hukata penye GATC, yaani kwa wastani kila besi 256. HindIII ya zamani hukata kila besi 4,096, kwa hiyo usitegemee kuona kitanzi kidogo nayo.

Jaza ncha kwa dATP yenye bayotini, unganisha kwa ligesi kiini kikiwa bado kizima, yeyusha protini kwa proteinesi K usiku kucha, katakata vipande vya besi 300 hadi 500, vuta kwa shanga za streptavidini.

Jaribio la bei nafuu ambalo wengi hulisahau: ncha mbili za DpnII zilizojazwa na kuunganishwa hutoa GATCGATC, na ndani yake mna ATCGAT, ambayo hukatwa na ClaI. Chukua kiasi kidogo cha maktaba (mkusanyo wa vipande vya DNA ulivyoandaa), kizidishe kwa PCR, kata kwa ClaI, kipitishe kwenye jeli. Kama mchirizi haushuki, ujazaji ulishindwa. Usipoteze fedha za kusoma. Kwa HindIII alama hiyo ni NheI.

Ukishasoma, angalia jozi zilizounganisha kromosomu mbili tofauti. Zikiwa zaidi ya nusu, viini vilipasuka na DNA zilizoelea zikaungana ovyo. Na kina: ramani ya 2014 ilikuwa na miunganiko bilioni 4.9. Mwenye jozi milioni 50 ataona makazi A na B, yaani sehemu changamfu na sehemu zilizolala, lakini asije hapa kusema "kitanzi hakipo".

#12 Mkaa_Nyuma
Asante fundi. Hiyo ya ClaI nimeinakili.

#13 Nukta_Mbili
Mnagombania kitu ambacho mara nyingi hakipo. Hi-C ni wastani wa mamilioni ya seli zilizouawa kwa formaldehidi. Mwaka 2022 makundi mawili yalifuatilia vitanzi ndani ya seli hai za panya kwa kuweka nukta za rangi mbili kwenye ncha zake. Kitanzi cha eneo la Fbn2, ambacho kwenye ramani kinang'aa, kilikuwa kimefungwa kikamilifu asilimia 3 hadi 6 tu ya muda, kila mara kwa dakika 10 hadi 30. Muda uliobaki kiko nusu-nusu: kohesini iko njiani, au haijafika.

Kwa hiyo maelezo yangu kwa #1: ulichokiondoa hakikuwa gundi ya kudumu. Kilikuwa ongezeko la uwezekano wa kukutana. Jeni inayoridhika na kukutana mara chache haitagundua.

#14 Bi_Histoni
@Nukta_Mbili hapo pana jambo. Mwaka 2022 pia kuna jaribio la kuhamisha enhansa ileile sehemu nyingi ndani ya eneo moja, halafu kupima promota inatoa kiasi gani. Uhusiano haukuwa mstari ulionyooka, ulikuwa na mpindo. Enhansa yenye nguvu ikikutana vya kutosha, kuongeza au kupunguza mikutano hakubadilishi mengi. Dhaifu, au iliyo karibu na mpaka, inaumia kwa punguzo dogo. Kwa hiyo "jeni nyingi" ziko kwenye tambarare ya mpindo, na chache ziko kwenye mteremko.

#15 Mfuma_Kromatini
@Bi_Histoni hilo ni dirisha la kutokea kila mara. Jeni ikibadilika, ilikuwa kwenye mteremko. Isipobadilika, ilikuwa kwenye tambarare. Toeni utabiri kabla ya kupima.

#16 Kidole_Gumba
Utabiri upo: urefu wa kitanzi. Kwenye niuroni za panya zinazokomaa, mwaka 2022, jeni zilivyokuwa na vitanzi virefu zaidi ndivyo zilivyoitegemea zaidi kohesini. Hilo linapimika kabla ya kugusa chochote.

#17 Tone_la_Mafuta
Mmesahau kabisa matone. Protini za MED1 na BRD4 zina sehemu legelege zinazojikusanya penye enhansa kubwa kama mafuta kwenye mchuzi. Enhansa na promota hazihitaji kugusana, zikiwa ndani ya tone moja inatosha. Ndiyo maana kwa jeni ya Sox2, enhansa yake iliyo besi laki moja mbali ilifuatiliwa kwa hadubini mwaka 2019, na ukaribu wake haukulingana na milipuko ya unukuzi. Kohesini ikiondoka, tone linabaki.

#18 Pete_ya_SMC
@Tone_la_Mafuta ushahidi mwingi wa matone ni wa 1,6-heksanedioli, kemikali ya kuyayeyusha. Dawa ile kwa asilimia 5 hadi 10 inavuruga kinesi na fosfatesi, na kromatini yenyewe inasinyaa. Ukiona unukuzi umesimama baada yake, hujui umeua tone au umeua vimeng'enya. Leta jaribio lisilo na heksanedioli tuzungumze.

#19 Tone_la_Mafuta
Ipo njia ya kukata sehemu legelege ya protini na kuweka nyingine isiyo ndugu yake. Nakubali heksanedioli ni kisu butu. Ila hukujibu kuhusu Sox2.

#20 Pete_ya_SMC
Huenda mkutano ulitangulia unukuzi kwa dakika kadhaa. Kupima vyote viwili kwa wakati mmoja kunakosa kilichochelewa.

#21 Nesi_wa_Vinasaba
Naona mmezama kwenye vyombo vya maabara. Wodini swali hili lina sura nyingine.

Ugonjwa wa Cornelia de Lange: watoto wenye nyusi zilizoungana, mikono mifupi, kasoro za moyo, kuchelewa kujifunza. Takriban asilimia 60 wana badiliko kwenye NIPBL, wengine kwenye SMC1A, SMC3, RAD21 au HDAC8. Nakala moja tu ndiyo imeharibika. Panya wenye kasoro hiyo wana upungufu wa Nipbl wa asilimia 25 hadi 30 tu, na ndani yao jeni nyingi zimebadilika kidogo kidogo. Hakuna jeni moja iliyozimika.

Kwa hiyo kuondoa kohesini yote kwa saa 6 hakutikisi, lakini NIPBL inayoiendesha ikipungua kiasi hicho mimba nzima, mtoto analemaa. Anayesema mkunjo hauna kazi aeleze hilo.

#22 Mfuma_Kromatini
@Nesi_wa_Vinasaba kohesini pia inashikilia kromatidi dada na kusaidia kukarabati DNA iliyokatika. Utajuaje ugonjwa unatokana na vitanzi?

#23 Nesi_wa_Vinasaba
Kwa sababu kromatidi dada za wagonjwa wa NIPBL kwa sehemu kubwa zimeshikana vizuri. Na chukua mfano usiogusa kohesini kabisa: eneo la EPHA4, kromosomu ya 2. Mwaka 2015 timu ya Berlin ilichunguza familia zenye kasoro za vidole. Waliopoteza kipande pamoja na mpaka wa eneo walikuwa na vidole vifupi, kwa sababu enhansa za EPHA4 zilianza kuiwasha PAX3 mguuni. Kipande kikigeuzwa au kurudiwa upande wa pili, WNT6 ndiyo inawaka na vidole vinaungana. Wakatengeneza panya kwa CRISPR. Ufutaji ulioacha mpaka haukuleta kasoro, na ulioondoa mpaka ukaleta. Jeni na enhansa ni zilezile, kilichoondoka ni ukuta.

#24 Nukta_Mbili
Kwa saratani pia. Vivimbe vya ubongo vyenye badiliko la jeni ya IDH hujaza methili (vialama vya kemikali) kwenye DNA, CTCF inashindwa kushika penye methili, ukuta unaanguka, PDGFRA, jeni ya kuchochea ukuaji, inapata enhansa isiyo yake. Hiyo ni ya 2016. Ni kanuni ileile ya jeni za H19 na IGF2 iliyojulikana tangu 2000: upande wa mama hauna methili, CTCF inakaa na kuizuia IGF2, upande wa baba una methili, CTCF haikai, IGF2 inawaka.

#25 Mbegu_ya_Nzi
Wapenzi wa kuta, nawaletea nzi wa matunda. Mwaka 2019 kromosomu zao za balansa, zilizokatwa na kugeuzwa mara nyingi tangu enzi za maabara za kale, zilipimwa. Maeneo mengi yamevurugika, mipaka imehama, na jeni zilizobadilika ni chache. EPHA4 isifanywe sheria ya dunia nzima.

#26 Nesi_wa_Vinasaba
@Mbegu_ya_Nzi nzi ana kromosomu fupi, enhansa zake ziko karibu, na mipaka yake haitegemei CTCF kama ya mamalia. Pia nzi wa balansa wamechujwa kwa vizazi vingi. Waliopata kitu kama EPHA4 walishakufa.

#27 Mkaa_Nyuma
Swali la pembeni, wakuu: je, hii ndiyo ile tiba mpya ya selimundu, wanakunjua kromosomu?

#28 Bi_Histoni
Hapana, tusichanganye. Tiba iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata inakata neno la DNA linaloshikwa na protini ya GATA1 ndani ya enhansa ya BCL11A, jeni inayozima himoglobini ya kichanga. BCL11A ikipungua kwenye seli zinazozaa chembe nyekundu, himoglobini ya kichanga inarudi. Hiyo ni kuharibu enhansa, si kubadilisha mkunjo.

Ila ipo kazi nyingine, na hii @Mfuma_Kromatini ndiyo inayokubana. Seli za panya zisizo na GATA1 hazina kitanzi kati ya swichi kuu ya globini na jeni ya beta. Mwaka 2012 waliipeleka LDB1, protini ya kuunganisha, kwenye promota ya beta kwa vidole vya zinki vilivyobuniwa. Kitanzi kikafungika bila GATA1, na unukuzi ukapanda. Miaka miwili baadaye wakaielekeza kwenye gama ndani ya seli za watu wazima, na jeni ya kichanga ikafufuka. Waliunda kitanzi kwanza, jeni ikafuata.

#29 Mfuma_Kromatini
Hiyo nakubali, ni sababu na matokeo. Basi narekebisha: kwa jeni fulani mkunjo ni chanzo. Lakini LDB1 haivuti vitanzi, inajishika yenyewe ncha kwa ncha. Kwa hiyo huo ni ushahidi wa mguso, si wa kohesini.

#30 Kidole_Gumba
Sahihi kabisa. Na huenda ndiyo maana wengine wanasalimika kohesini ikiondoka: promota zao zina LDB1 au mfano wake. Kohesini inazikutanisha mara ya kwanza, wengine wanashikilia.

#31 Fundi_Maktaba
@Kidole_Gumba hilo linapimika. Usiiondoe kohesini kwenye seli iliyotulia, iondoe kabla ya kuipa ishara mpya. Makrofaji (seli za kinga) zisizo na kohesini ziliendelea na kazi za kila siku lakini zikayumba kuwasha jeni za uvimbe wa kinga zilipoonjeshwa sumu ya bakteria.

Kwa atakayelifanya: auksini ya kawaida inatiwa maikromola 500, na RAD21 inaanza kuvuja, yaani kuvunjwa, hata kabla ya kuitia, kwa hiyo pima protini kwa kingamwili kwenye seli zisizotiwa dawa ukilinganisha na seli mama, si sifuri na saa 6 tu. Toleo la pili, lenye OsTIR1 (protini inayoitikia auksini) iliyobadilishwa F74G na 5-Ph-IAA (auksini ya kutengenezwa) maikromola 1, linapunguza uvujaji huo. Na usivuke muda mrefu: seli inayoingia mgawanyiko bila kohesini inakwama, kromatidi zimeachana, na hapo unapima kifo, si unukuzi. Zikusanye G1 kwanza, hatua ya kabla seli haijanakili DNA.

#32 Mfuma_Kromatini
Ukizikusanya G1, mgawanyiko uliopita ndio umetoka kufuta vitanzi vyote na kuvijenga upya. Kohesini iondoke kabla ya seli kutoka mgawanyikoni, au baada?

#33 Fundi_Maktaba
Zote mbili, kwenye sahani tofauti. Ukiitoa kabla, unauliza kama inahitajika kujenga. Ukiitoa baada, unauliza kama inahitajika kushikilia. Soma kwa PRO-seq kila dakika 30.